Mwalimu Tena, Aliyeuingiza Uhindu Darasani

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, Mwalimu Tena atamkabidhi mlinzi wa jengo ufunguo wa ofisi yake na kutoka akiwa mstaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Masomo ya Dini kwa miaka thelathini na mitatu. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina hilo tu. Si jina alilopewa na wazazi wake. Ni la wanafunzi, waliolitoa katika neno analoliandika pembeni mwa kila kazi isiyomridhisha: "Tena." Halina maelezo wala huruma. Wapo walioliona mpaka wakaanza kuliota, na baadhi yao leo ni wahadhiri, akiwemo mwandishi wa makala haya.

Kabla ya kuja chuoni alikuwa mwalimu wa sekondari ya wasichana. Kilipofika kipindi cha dini, wanafunzi waligawanywa: hawa chumba hiki, wale chumba kile, na wasichana wachache wa Kihindu na Kijaini wakaambiwa wakasubiri nje, kwenye ujia wa madarasa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu wa kuwafundisha, basi. Siku moja alikuwa akipita pale na chaki zake mkononi, msichana mmoja akamsimamisha.

"Samahani, Mwalimu. Ya kwetu inafundishwa lini?"

"Nitaangalia ratiba," akajibu, na papo hapo uso ukamwaka moto, kwa sababu ratiba ya shule ile alikuwa ameipanga yeye mwenyewe. Alijua fika kwamba hakuna cha kuangalia. Jioni hiyo alimwambia mama yake kwamba anarudi kusoma. Mama aliuliza atasoma nini. Aliposikia jibu alisema, "Haya. Ila ukianza, usije ukaniletea nusu."

Ombi lake la shahada ya juu lilisema anataka kutafiti Uhindu na dini zilizo jirani nao, yaani Ujaini, Ubudha na Usikh, hasa ibada zinazofanyika nyumbani. Karani wa masijala, aliyekuwa na haraka zake, alilisoma juu juu, akaona mahindi, na kulituma Kitivo cha Kilimo. Baada ya wiki kadhaa Mwalimu alipigiwa simu na mtaalamu wa mbegu, mtu mpole kabisa, aliyetaka kujua mahindi hayo ya nyumbani ni ya muda mfupi au ya muda mrefu. Mpaka leo, kila mwaka katika kipindi cha kwanza, huwaeleza wanafunzi wapya kwamba Mhindi ni mtu kwa asili yake na Mhindu ni mtu kwa dini yake; kwamba Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Msikh, Mjaini, au asiwe na dini kabisa; na kwamba mahindi yana kitivo chao.

Ombi lilipofika mahali pake, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mkuu wa Idara wa wakati ule tulimwita Mzee Miwani, kwa kuwa alivaa mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Alimwita mbele ya jopo.

"Binti, mada ni nzuri. Nani atakusimamia?"

"Wewe, Mkuu."

"Mimi sijui kitu kuhusu Uhindu."

"Hata mimi sijui, Mkuu. Ndiyo maana nimekuja."

Jopo lilicheka. Mzee Miwani hakucheka. Alimpa mwaka mmoja: arudi akiwa anasoma Kisanskriti, lugha ya maandiko, na kuzungumza Kigujarati, lugha ya familia alizotaka kuzitembelea. Asipoweza, achague mada nyingine. Alipouliza atafundishwa na nani, aliambiwa hilo ni lake.

Aliyemfundisha ni mfamasia mstaafu, Mhindu, aliyeishi juu ya duka lake la zamani katika chumba chenye rafu za chupa za kahawia ambazo hakutaka kuzitupa. Mzee huyo alikuwa mkali kwa lugha kama alivyokuwa mkali kwa vipimo vya dawa. Herufi moja ikikosewa, sala nzima ilirudiwa. Kisanskriti kina sauti zinazotoka na pumzi nyingi na sauti zinazotoka bila pumzi, na anayejifunza hushika kipande cha karatasi mbele ya mdomo aone kama kinatikisika. Basi Mwalimu alitembea na kipande chake. Alifanya mazoezi kwenye foleni ya benki, akafanya mazoezi kwenye kituo cha basi, mpaka mama mmoja aliyekaa naye benchi moja akahama taratibu na kuupakata mkoba wake. Mwaka ulipoisha alisimama mbele ya jopo na kusoma beti za Kisanskriti bila kutazama mtu. Kisha akazieleza kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili. Mzee Miwani aliishusha miwani ya pili, akasaini.

Kikwazo kilichomuuma zaidi hakikuwa cha chuo. Baba yake alikuwa mhubiri, anayeheshimika mtaani, na habari za binti yake kuonekana akivua viatu mlangoni mwa hekalu zilimfikia kabla binti hajafika nyumbani.

"Unakwenda kuabudu nini huko?"

"Siendi kuabudu, baba. Nakwenda kuuliza."

"Maswali ya dini hujibiwa hapa nyumbani."

"Haya siyo ya nyumbani kwetu, baba. Ni ya nyumbani kwao."

Baba alisimama, akatoka. Kuanzia hapo waliongea mambo ya salamu, mvua na afya tu, na hali hiyo ilidumu miaka. Binti aliendelea kumpelekea chai asubuhi alipokuwa nyumbani, na baba aliendelea kuinywa. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa ukaidi katika familia ile.

Utafiti wenyewe aliufanya katika nyumba za watu. Kulikuwa na familia ya Kihindu jirani na mfamasia, na familia ya Wasikh iliyomwalika kwenye jiko la pamoja la hekalu lao, ambako kila mtu hula chini, tajiri na maskini safu moja. Lakini moyo wake uliangukia kwa bibi mmoja Mjaini, mjane, aliyeishi ghorofani na mwanawe mhasibu na mke wa mwanawe. Wajaini wamekazia kuliko wengi fundisho la kutodhuru kiumbe chochote. Bibi huyu alichuja maji kabla ya kuyanywa asije akameza mdudu, alimaliza kula kabla jua halijazama, na aliwahi kusimamisha mahojiano ili amhamishe chungu kutoka kwenye mkono wa kiti alichokalia Mwalimu. Alimwita mjukuu. Alimkaripia kama mjukuu pia.

Katika mwaka wa pili bibi aliugua, na madaktari walisema hawana tena cha kufanya. Ndipo alipoomba kuchukua kiapo kiitwacho santhara. Ni kiapo ambacho Mjaini aliyefikia mwisho wa maisha huweza kukichukua, kwa ridhaa ya familia na viongozi wa dini yake, cha kuachana na chakula hatua kwa hatua na kungoja kuondoka kwa utulivu, akisali na kuwaomba msamaha wote aliowakosea. Bibi alimwita Mwalimu na kumwambia, mbele ya mwanawe na mkewe, "Andika, mjukuu wangu. Muda wote nimekupa maneno. Sasa utaona."

Alikaa naye hadi mwisho, sebuleni, kwenye kiti kilekile. Kisha akaandika sura ambayo Mzee Miwani aliisoma mara mbili, akavua miwani yote, na kusema hajawahi kusoma kitu kama hicho kutoka kwa mwanafunzi. Mtahini wa nje aliandika kwamba sura hiyo peke yake ingetosha kumjengea jina. Tasnifu ilibakiza marekebisho madogo tu.

Hapo mhasibu akaja chuoni. Alikataa kukaa. Alisema majirani wasiojua dini yao wameanza kunong'ona kwamba familia ilimnyima mama chakula, na mtoto wake amesikia hivyo shuleni. Sura ile ikichapishwa, kila mwenye neno la kusema atakuwa na mahali pa kulishikiza.

"Mama alikuruhusu, najua, nilikuwepo," alisema. "Lakini mama hapishani na majirani kwenye ngazi. Napishana nao mimi. Sikukatazi, dada. Nakuomba."

Jopo liliitwa. Wote walikuwa na msimamo mmoja: ruhusa ipo, ilitolewa mbele ya mashahidi, jina linaweza kufichwa, sura ibaki. Mwalimu aliwaambia kwamba mtaa mzima unajua ni ghorofa ipi. Wakamwambia afikirie mustakabali wake. Akajibu kwamba bibi alitoa ruhusa yake, lakini hakutoa ruhusa ya waliobaki, na kwamba mtu hawezi kwenda kujifunza kutodhuru katika nyumba ya watu halafu akatoka na kitu kitakachowadhuru.

"Ukiiondoa hiyo," alisema Mzee Miwani, "tasnifu inabaki mifupa."

"Basi nitatafuta nyama nyingine, Mkuu."

Jopo lilitazamana, maana tasnifu ilihusu watu wasiogusa nyama. Yeye mwenyewe alikuja kucheka baadaye. Siku ile hakucheka. Aliirudisha sura kwa familia, kurasa zote, na hajawahi kuichapisha wala kuisimulia mkutanoni. Haya machache tunayaandika kwa idhini ya mhasibu, ambaye sasa ana wajukuu, na aliyetuambia kwa simu, "Andikeni. Watu wajue alitufanyia nini."

Mama yake anakumbuka kwamba wiki ile binti alifua mapazia ya nyumba nzima, hata yaliyokuwa safi. Alianza kuulizia kama nafasi yake ya kufundisha sekondari bado iko wazi. Rafiki zake waliokuwa wameanza pamoja naye walikuwa wanashona majoho ya mahafali. Yeye alikuwa na tasnifu yenye shimo katikati, na muda wa usajili ukielekea ukingoni.

Aliyemtoa hapo ni mke wa mhasibu. Kwa miaka yote ya mahojiano mama huyo alikuwa akipita na sinia, anatabasamu, anarudi ndani. Sasa alimpigia simu.

"Unakuja lini?"

"Nilidhani hamtaki nije tena, wifi."

"Nani kasema? Kwa mama ulikaa sebuleni tu, mkiongea mambo makubwa. Njoo jikoni. Mambo yote yako huku."

Akaenda. Akakaa jikoni mwa mama huyo, kisha mwa dada zake, kisha mwa majirani wa Kihindu na wa Kisikh, kwa muda uliobaki wote. Aliwatazama wakichuja maji na kulisuuza chujio kisimani au mtoni ili kilichonaswa kiendelee kuishi, wakichagua nafaka punje kwa punje, wakiacha mboga zinazong'olewa na mizizi, wakiweka sehemu ya kwanza ya chakula mbele ya picha ya mungu wao kabla ya mtu yeyote kuonja. Aliwasikia wakibishana, wakitaniana, wakifundishana. Aliona kwamba mambo aliyokuwa akiyatafuta kwenye maandiko yanashikiliwa kila siku na mikono yenye unga. Hayo ndiyo yaliyojaza shimo. Alipotetea tasnifu, mtahini wa nje alikuja amekunja uso kwa sababu ya sura iliyoondolewa. Aliondoka akiomba nakala mbili, moja ya mke wake.

Idara ilimwajiri mwaka uleule, na papo hapo akaomba kuanzisha somo la Uhindu na dini jirani zake. Alipewa chumba kilichopakana na jenereta. Umeme ulipokatika, alifundisha kwa kupaza sauti. Uliporudi, alisahau kuishusha, na ndiyo maana wanafunzi wa zamani wakisimulia habari zake husimulia kwa kelele. Mara tatu wakuu wa kitivo walitaka kulifuta somo hilo kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Mara ya kwanza aliwaletea wanafunzi. Mara ya pili aliwaletea wazazi. Mara ya tatu somo lilifutwa kweli, na muhula mzima akalifundisha nje ya ratiba, saa ya chakula cha mchana, chumba kimejaa, mpaka Mkuu wa Kitivo akaona aibu kupita pale mlangoni na kulirudisha.

Kazi atakayokumbukwa nayo mbali zaidi ni kamusi yake ndogo ya istilahi za dini hizo kwa Kiswahili. Alikataa kuandika kwamba dharma ni "dini", kwa hoja kwamba neno hilo limebeba pia wajibu, haki na mpangilio wa ulimwengu, na ukilivalisha vazi moja litachanika. Kuhusu moksha, yaani roho kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, alivutana miezi na mwenzetu wa Idara ya Kiswahili. Mwenzetu alipendekeza "ukombozi". Mwalimu akasema ukombozi una wimbo wa taifa ndani yake. Mwenzetu akapendekeza "wokovu". Mwalimu akasema huo ni wa baba yake. Mwishowe walikubaliana kuliacha moksha lilivyo na kulieleza kwa sentensi nzima, na wakaenda kunywa chai kama watu waliomaliza vita. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake, ni "kukomolewa". Mnajua alichoandikiwa pembeni.

Tumetaja baba yake. Aliishi hadi uzeeni, akihubiri mpaka sauti ilipomwishia. Hakuwahi kusema alikosea, na binti hakuwahi kumwomba aseme. Lakini siku moja jirani, aliyekuwa ameanza kazi kwa familia ya Kihindu na hakujua aonyeshe heshima vipi mbele ya madhabahu yao ya nyumbani, alikwenda kumwuliza mhubiri. Mzee alielekeza fimbo yake kule ndani alikokuwa binti, na kusema, "Muulize huyo. Ndiye anayejua." Mwalimu alikuwa anaosha vikombe. Anasema alikiosha kimoja muda mrefu sana.

Mwaka huu wa mwisho wengi tulidhani atapunguza mwendo. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Uongozi ulitangaza kwamba nafasi yake haitajazwa. Akiondoka, somo linaondoka naye. Hakupiga kelele. Kila Jumatatu asubuhi alikwenda ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, akaketi kwenye kiti cha wageni, na kumsalimu katibu muhtasi kwa upole. Wiki za kwanza aliambiwa bosi ana kikao. Alisema atasubiri, akatoa kitabu. Katibu muhtasi alianza kumwekea chai. Baadaye alianza kumwuliza maswali kuhusu Wabudha. Naibu mwenyewe alianza kupitia mlango wa nyuma, mpaka Jumatatu moja akakuta Mwalimu amehamia huko.

"Mama, nikupe nini ili upumzike?"

"Mtu," alijibu. "Nipe mtu wa kushika kazi. Nikishampata nitapumzika hata leo."

"Na kama hakuna anayefaa?"

"Yupo. Nimemfundisha mimi, na wewe hujawahi kuona mtu aliyerudia kazi mara nyingi kama yeye."

Aliyemsema ni Mama Pacha, mwanafunzi wake wa mwisho wa shahada ya juu, aliyejifunza Kisanskriti huku akinyonyesha watoto wawili kwa zamu, na aliyetafiti jinsi vijana wa Kihindu na wa Kijaini wanavyozipunguza, kuzibadili au kuzishika upya ibada za bibi zao. Nafasi ilitangazwa. Walioomba walikuwa wengi, na Mwalimu alijiondoa kwenye jopo la usaili mwenyewe asije akasemwa kapendelea. Siku hiyo alionekana akizunguka uwanja wa mpira wa chuo peke yake. Jumanne iliyopita Baraza la Chuo liliidhinisha uteuzi wa Mama Pacha, na pamoja nao likalifanya somo kuwa la lazima kwa kila anayesomea ualimu wa dini. Hilo la pili hakuna aliyeliomba. Naibu anasema alilipendekeza yeye, kwa kuwa alitaka Jumatatu zake zirudi.

Anachokwenda kufanya Mwalimu, msimwulize kama mnataka jibu fupi. Amejiandikisha kujifunza Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na amekataa kukaa kiti cha mbele walichompa kwa heshima. Anasema aliyeketi mbele humulikwa sana.

Mwalimu wetu, asante. Asante kwa wanafunzi uliowakasirisha mpaka wakafaulu, kwa kurasa ulizozirudisha, kwa jenereta uliyoishinda kwa sauti. Asante kwa familia zilizokufungulia milango, na kwa mama yako, ambaye tunasikia bado anauliza unamaliza lini. Upate afya, usingizi wa kutosha, na watu wa kubishana nao. Jumatatu saa mbili asubuhi utakuwa kwenu, umekaa, kikombe mkononi, bila haraka ya kwenda popote. Saa hiyohiyo Mama Pacha atakuwa amesimama mbele ya darasa, na hakuna msichana hata mmoja atakayekuwa nje.